Mpini Tuliouchagua Mbeya

Vijana wa chumba cha picha pale Tunduma, salamu zenu nimezipata. Mliyemtuma alifika hapa Ihanda akiwa na matope hadi magotini, akanywa uji, akala viazi, ndipo akakumbuka kusema alichotumwa. Kamera mpya imekuja, mpini wake wa kiwandani haukuja nayo, na ofisi imewaruhusu mnunue mwingine wowote utakaopatikana madukani. Sasa mnataka Mzee Nzunda awaambie mshike upi. Mmenichekesha kidogo. Wenzangu wakistaafu huulizwa habari za maisha, mimi naulizwa habari za mpini.

Nitawajibu, ila nitazunguka, maana sasa nina muda na hakuna bwana wa kunigongea meza. Habari za vyeo na mishahara sizigusi. Vyeo vyangu vilikuwa viwili, na cha pili kilitofautiana na cha kwanza kwa kofia tu. Nitaanzia Saza, kwenye mgodi wa dhahabu, kabla sijaletwa kwenu mpakani. Huko ndiko nilikoona mpini mmoja wa kamera ukimtesa mwanamke ambaye hakuwahi hata kuugusa. Mkishasoma mtajua wenyewe cha kununua.

Nilifika Saza kijana kabisa, nimetoka shule ya misheni na mwandiko mzuri, nikiamini nitakalishwa mezani na kalamu. Karani wa kuandikisha watu hakutaka hata kuona mwandiko wangu. Alinitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani, akasema mpiga picha anatafuta mtu mrefu. Basi. Urefu wangu ndio ulionipa kazi, nao niliupata kwa mama yangu bila kuusomea.

Mpiga picha mwenyewe alikuwa Mnyasa aliyevuka mto Songwe zamani, jina lake Yotamu. Mtu mfupi, mkali, mwenye kikohozi kisichokwisha, na mashati yenye madoa ya dawa ambayo mkewe, Mama Tabita, alikuwa amekata tamaa ya kuyafua. Hakuniuliza jina. Alinipa fimbo ndefu yenye sahani ya bati juu yake, ndani ya sahani kuna unga wa kumulika, akasema, "Iwe, wewe hapo, shika hii, nifuate." Nikamfuata mpaka nyuma ya zahanati, kwenye nyumba ndogo ya mawe.

Chumba kile nakikumbuka kuliko nyumba niliyozaliwa. Kilikuwa na kidirisha kimoja juu karibu na paa. Jukwaa la saruji lilijengwa likigusa kuta pande tatu, hata mtu asiweze kusimama popote ila miguuni pa aliyelala. Siku ile alikuwa amelala Mkinga mmoja ambaye jiwe lilimwangukia kifuani. Uso wake ulikuwa umeoshwa. Nilikuwa nimeona maiti nyumbani, lakini nyumbani unatazama mara moja halafu wakubwa wanakutoa nje. Pale niliambiwa nitazame vizuri. Mikono ikaanza kunitetemeka, unga ukamwagika sakafuni.

Yotamu aliniambia, bila hata kugeuka, "Maiti hatikisiki. Picha ikitoka imetikisika, jua ni wewe." Nikatoka nje nikatapika. Alinisubiri mlangoni, akanipa maji ya kusukutua, akasema, "Haya, rudi ndani. Bado hatujapiga." Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini, na sikupata nyingine iliyoipita kwa ubaya kwa muda mrefu.

Sasa mtauliza maiti walipigwa picha za nini. Watu wa Saza walitoka mbali: Unyasa, Ukinga, Isoka ng'ambo, Momba, Ileje. Mtu akifa, joto la kule halikusubiri ndugu, alizikwa siku hiyo hiyo au kesho yake asubuhi. Wengi walikuwa wameandikishwa kwa kipande, yaani cheti cha kazi, cha mtu mwingine. Kaka ana kipande, hataki tena kazi ya shimo, anampa mdogo wake. Mdogo akichoka anampa rafiki. Kampuni inaendelea kumwita huyo wa tatu kwa jina la yule wa kwanza. Kwa hiyo jina kwenye kipande halikuwa ushahidi wa kitu. Uso ndio uliokuwa ushahidi. Na walio hai hawakupigwa picha hata siku moja. Kampuni iliona ni kupoteza vioo vya kupigia picha. Mtu wa shimoni alipigwa picha mara moja tu, akishakufa.

Na huku kwetu, mnajua wenyewe, msiba hauwekwi kwa kudhani. Lazima awepo mtu wa ukoo aliyemwona marehemu. Machifu na wachungaji walikubali baada ya mabishano mengi kwamba kuiona picha ni kumwona mtu. Mke akisema mbele ya wazee "ndiye", kilio kinaanza, tanga linakaa, siku zikitimia anatolewa msibani na maisha yanaendelea hivyo hivyo na machungu yake. Akisema "siye", basi mume yu hai mahali fulani na mke anaendelea kuwa mke wa mtu. Hakuna cha katikati.

Yotamu alilijua hilo, na ndiyo sababu alitaka mtu mrefu. Kazi yangu ilikuwa kuinua ile sahani ya unga juu kabisa, upande wa kushoto, karibu na paa, mpaka bega linawaka moto. Alisema mwanga ushuke kama jua la asubuhi linavyomshukia mtu akitoka nyumbani. "Mke anamwona mumewe hivyo kila siku," aliniambia. "Kivuli cha pua kikikaa mahali pengine, atakuwa anamtazama mgeni." Nilidhani ni maringo ya wazee. Nikawa nainua tu, na unga ukilipuka unanichoma nyusi, kisha natoka nje nakohoa pamoja naye.

Vioo tulivisafisha alfajiri kabla ya joto, kwa taa nyekundu, na maji ya mto tuliyoyachuja kwa kipande cha kanga kuukuu cha Mama Tabita. Ukichelewa mpaka jua likachomoza, dawa inavimba na uso wa marehemu unateleza kwenye kioo kama utando wa uji. Nimeona hilo mara moja, nikajifunza kuamka mapema. Nyinyi mnalalamika maji ya bomba yana chokaa, ninyamaze.

Baada ya vita kampuni ikaleta kamera mpya, ya kushika mkononi. Unga ukaachwa, zikaja globu za kumulika, globu moja kwa picha moja, ukishapiga unaitoa ya moto unaitupa. Kamera ilikuja na mpini wa kiwanda chake, umesimama ubavuni kushoto, na globu inakaa juu ya mpini, kimo kumpita jicho la kamera. Ulikuwa mpini mzuri sana. Ulikuwa na kosa moja tu: uzito wote wa kamera ulining'inia kwenye kifundo cha mkono mmoja, na mikono ya Yotamu ilikuwa imeanza kutetemeka.

Sijui ni dawa, sijui ni umri. Kikombe cha chai alikishika kwa mikono miwili. Picha za mashine, tulizoipigia ofisi, zikaanza kutoka na ukungu, picha za kuta za shimo zikawa hazisomeki, na bwana mmoja wa ofisini akasema mbele yangu kwamba mzee akishindwa arudishwe kwao. Nilijitolea nipige mimi. Yotamu akanikatalia kwa sauti ya chini kabisa. "Nzunda, siku utakayoishika wewe ndiyo siku yangu ya kufunga mizigo. Mama Tabita nitampeleka wapi? Kwetu hakuna anayetukumbuka." Nilimwonea huruma, na sikulitaja tena.

Ndipo alipoomba ruhusa ya kwenda Mbeya kutafuta mpini mwingine, na mimi nikaenda naye kubeba sanduku. Tulipanda lori la magunia, vumbi tukalila njia nzima. Dukani muuzaji alitutolea mipini mitatu, yote ya viwanda ambavyo havikuwa na undugu wowote na kamera yetu. Wa kwanza ulikuwa wa bati jepesi, umefanana na ule wa kiwandani, ila ukiutikisa unalia. Wa pili ulikuwa ukanda wa ngozi wa kupitisha vidole, mzuri kwa mtu wa harusi. Wa tatu ulikuwa wa chuma, umeundwa kama kitako cha bastola, unafungwa kwa skrubu chini ya tumbo la kamera, na globu inakaa mbele yake, chini ya jicho.

Yotamu alijaribu ule wa kwanza, mkono ukacheza. Akaupuuza ule wa ngozi. Akaufunga wa bastola, akaushika kwa mikono miwili, akabana viwiko mbavuni, akavuta pumzi. Kamera ikatulia. Sikuwa nimemwona akitabasamu miaka mingi, na pale dukani alitabasamu kama aliyepewa mtoto. Muuzaji akasema, "Mzee, huu unaingia kamera yoyote." Kumbe haukuingia hata yetu sawasawa, tundu la kamera lilikuwa pana kuliko skrubu, ikabidi tuweke pete ya shaba katikati. Tukarudi Saza tumefurahi. Tulikuwa tumechagua mpini kwa kuufikiria mkono, na hakuna aliyefikiria uso utakaokuwa mbele yake.

Picha zikanyooka. Mashine zikaonekana mpaka kutu. Bwana wa ofisini akamsifu Yotamu, na Yotamu akaanza kupiga mbinja akienda kazini. Maiti pia tuliwapiga kwa mpini ule, tumesimama miguuni pao kama kawaida, na picha zilikuwa kali, kila unywele unauona. Mimi sikuwa na kazi ya kuinua kitu tena. Nilisimama nyuma na globu mfukoni.

Kisha ukuta wa shimo moja ukaporomoka. Sitaeleza tulichokiona, nina wajukuu wanaosoma barua zangu. Waliotolewa wakiwa na nyuso tuliwapiga picha wote mmoja mmoja, na mmoja wao kipande chake kilisema Elia Silwimba, wa upande wa Momba. Taarifa ikapelekwa kwa chifu wao. Jibu likarudi kwamba Elia Silwimba ni mzima, yuko shambani kwake karibu na Tunduma, anapalilia mahindi.

Kipande kilikuwa chake kweli, lakini alikuwa amempa mdogo wake wa tumbo moja, Lameki. Na Lameki, mara ya mwisho alipotuma salamu nyumbani, alisema amechoka na Saza, anawaza kuvuka kwenda kwenye migodi ya shaba kule Rodeshia. Kama alishavuka, basi kipande alimwachia mwingine, na aliyekufa ni huyo mwingine. Kama hakuvuka, aliyekufa ni yeye. Aliyeweza kulimaliza neno hilo alikuwa mkewe, kwa kuiona picha, na alikuja mwenyewe kwa miguu.

Jina lake Nanyangwe. Mwanamke mwembamba, ana sauti ya kujiamini, amejifunga kitambaa kichwani na amebeba karanga kwenye kikapu kwa ajili ya watu asiowajua. Nilimpa picha mimi. Aliishika mbali kidogo na macho, kisha karibu, kisha mbali. Akasema, "Siye." Akamgeukia Yotamu, akarudia akimwita baba kwa lugha ya kwao, "Tata, siye huyu. Lameki namjua." Akacheka na machozi yakamtoka, akapiga magoti pale pale, akamshukuru Mungu kwa Kinamwanga, kwa sauti, mbele ya ile picha. Mimi na Yotamu tukafurahi pamoja naye. Alituachia karanga zote.

Miezi ikapita. Siku moja tulipokea boksi jipya la globu na Yotamu akataka kupima nguvu zake. Hakukuwa na maiti, Mungu ashukuriwe, na kazi ilikuwa kidogo. Akalala mwenyewe juu ya lile jukwaa la saruji, akafumba macho, akaniambia nisimame miguuni nipige. Nikapiga. Kesho yake picha ilikuwa imeanikwa kwenye kamba nje ya chumba chetu, na Mama Tabita akaja na chakula cha mchana. Akaweka sahani mbele ya mumewe, akainua macho kwenye kamba.

"Maskini," akasema. "Huyu mzee naye kafa lini? Ana watu wake?"

Nilidhani anatania, maana alikuwa mtu wa utani. Hakuwa anatania. Alikuwa amesimama karibu na mumewe, bega lake likigusa kichwa cha Yotamu, anamsikitikia mzee wa kwenye karatasi. Yotamu aliacha kutafuna. Alimtazama mkewe, akatazama picha, akaenda akaitoa kwenye kamba. Mwanga ulikuwa umetokea kidevuni. Tundu za pua zilikuwa nyeupe, macho yamezama kwenye vivuli vilivyopanda juu, mashavu yamevimba mahali ambapo yeye hana mashavu. Picha ilikuwa kali sana. Kila unywele unauona.

Hakula tena siku ile. Alikwenda kabatini, akatoa picha zote za maiti tulizopiga tangu Mbeya, akazipanga sakafuni. Akaniuliza, "Wangapi walisema si wao?" Nikamtajia wale niliowakumbuka. Kila nilipotaja mmoja aliitika kwa kichwa, na mara moja tu alifunika uso kwa mikono yake inayotetemeka. Nilitamani asingekuwa mtu makini, angekula tu ugali wake.

Alikwenda ofisini kuomba watu wale waandikiwe upya. Akajibiwa kwamba mambo yamefungwa na kampuni haitafukua vilio vya watu. Akarudi, akafungua skrubu, akautupa mpini wa bastola chini ya meza.

Kwa fundi seremala wa mgodi, yule aliyechonga miti ya kuegemeza kuta, tukachongesha mpini wetu. Na hapa, vijana, ndipo jibu lenu lilipo, kwa hiyo someni taratibu. Tulitumia mninga mkavu, hatukuupaka vanishi, kwa sababu vanishi na jasho ni utelezi mtupu. Ulisimama ubavuni, na mkono wa globu tuliupandisha juu kupita jicho la kamera, ukaelekea kushoto. Kwa ajili ya mtetemo tukaweka ukanda wa ngozi ya ng'ombe kutoka kwenye kamera kupita shingoni, na kijiti cha kuegemea kifuani. Ulikuwa unatisha kwa sura. Mkaguzi mmoja aliuliza kama ni chombo cha kukamulia. Lakini ulimtuliza Yotamu. Mkienda dukani, msijaribu mpini mtupu. Fungeni kamera, fungeni globu, tieni filamu, simameni hivyo mpaka mkono uchoke, ndipo mtaujua. Skrubu ikigoma msiilazimishe. Na kabla ya kusema unawafaa, mmoja wenu alale chini apigwe, halafu picha ipelekwe kwa mama yake bila maelezo. Muuzaji atawaona wendawazimu. Mwacheni.

Nanyangwe alirudi baada ya mavuno. Safari hii hakuwa na kikapu, na ile sauti ya kujiamini ilikuwa imekwisha. Alifuatana na shemeji yake, Elia, mwenye kipande. Alituambia mambo yake kwa ufupi, amesimama. Ukoo wa mumewe ulikuwa unasema amemkimbiza Lameki kwa mdomo wake, na kwamba sasa ana mke Mbemba kule kwenye shaba. Baba yake alitaka kumrudisha nyumbani, ukoo ukasema mke wa mtu aliye hai haondoki, na watoto haondoki nao. Mchungaji alisema hivyo hivyo kwa maneno ya kanisa. Kila lori lililosimama Tunduma likitoka ng'ambo aliliendea, akauliza. Mwishowe akampata mtu wa kwao aliyekaa kwenye shaba miaka, anayemjua kila Mnamwanga wa kule, na mtu huyo akaapa hajawahi kumwona Lameki.

"Nataka kuiona tena ile picha," akasema. "Kama ndiye, nilie. Kama siye, mniambie nisimame wapi. Mimi sasa si mke, si mjane."

Yotamu alimpa. Akaitazama muda mrefu kuliko mara ya kwanza. "Simjui," akasema, lakini alisema kwa woga.

Yotamu alimweleza yote. Alimweleza habari za mwanga, habari za mpini, mpaka habari za Mama Tabita na sahani ya ugali. Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo. Nanyangwe alisikiliza, kisha akauliza swali ambalo mimi nisingeweza kuliwaza. "Basi huo mpini unawabadilisha watu wote namna moja?"

"Wote," Yotamu akasema.

Nanyangwe akageuka akamtazama Elia. Elia na Lameki, tuliambiwa, walifanana sura hata mama yao alikuwa akiwachanganya. Elia akaelewa kabla sijaelewa mimi. Akarudi nyuma hatua moja. Akasema kulala mahali pa maiti ukiwa hai ni kujiitia kifo, kwao jambo hilo halifanywi, yeye ana watoto wadogo.

"Shemeji," Nanyangwe akamwambia, wala hakupandisha sauti, "ulimpa jina lako. Kama alikufa, alikufa nalo. Mwazime na uso wako kidogo."

Elia alilia kwanza. Kisha akavua viatu. Kwa vitabu vya mgodi mtu huyu alikuwa ameshakufa zamani, na sasa alipanda juu ya ile saruji kwa miguu yake mwenyewe. Nikauokota mpini wa bastola chini ya meza, nikaufuta vumbi, nikaweka ile pete ya shaba, nikaufunga. Yotamu akasema atapiga yeye. Alisimama miguuni pa Elia, akashika kwa mikono miwili, akabana viwiko. Chumba kikamulika mara moja. Elia aliruka kutoka pale akakimbilia nje kwenye jua, na hatukumlaumu.

Picha ilipokauka tulimpa Nanyangwe ya Elia kwanza. Elia mwenyewe alikuwa amekaa mlangoni, anaonekana. Nanyangwe akamtazama yeye, akatazama karatasi. "Huyu si shemeji," akasema polepole, na nikaona anaanza kuogopa kweli kweli, kwa sababu alijua ni shemeji. Kisha Yotamu akamwekea ile nyingine kando yake, mezani.

Walikuwa wageni wawili, na walikuwa ndugu. Pua ile ile nyeupe tunduni, kivuli kile kile kimepanda kutoka kwenye nyusi, mdomo ule ule umepinda upande mmoja. Mtoto mdogo angesema ni watu wa tumbo moja. Mimi mwenyewe nikataka kumwambia asitazame tena, kana kwamba kutotazama kungesaidia kitu.

Nanyangwe aliweka kidole kwenye picha ya pili, kwenye paji la uso.

"Ndiye," akasema.

Elia akaanza kulia pale mlangoni. Yotamu alifungua mdomo amwambie neno la pole, na Nanyangwe akamwinulia mkono anyamaze.

"Tata," akasema, "nilipiga magoti hapa hapa. Nilimshukuru Mungu kwamba si huyu, na yeye ananitazama."

Alifungua kitambaa kichwani, akajifunga kiunoni kama mwanamke aliyefiwa, akatuuliza makaburi yako upande gani.